Nilimwitikia Daktari, Akaandika Nimepona

Jumatano, baada ya magharibi.

Asubuhi mvua ilinyesha robo saa tu, kisha jua likatoka na mji mzima ukafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Siku za namna hii mgongo wangu huamka kabla yangu. Naandika nimesimama, kompyuta nimeiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kiti nimeshakipa dakika zake ishirini za leo.

Hii ni wiki ya sita bila dawa.

Sijawahi kuandika hapa habari za mgongo. Wanaonisoma wanajua paka wa uchochoroni kwetu, vitabu ninavyoazima, na ugomvi wangu na jirani anayemwaga maji ya samaki kutoka dirishani. La mgongo nimelificha. Leo naliandika kwa sababu nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, na nataka libaki mahali kabla sijaanza kujishawishi kwamba halikutokea.

Mwaka jana nilipasuliwa mgongo, huko bara. Diski moja ya kiunoni ilikuwa imetoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu unaoteremkia mguu wa kulia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kila mtu anasema hivyo na mimi pia nasema, maana kabla yake nilikuwa nikiukokota mguu na sasa natembea. Lakini maumivu hayakuondoka yote. Daktari aliyenipokea niliporudi Unguja, mwanamke mtaratibu, alinieleza kwamba hutokea hivyo, kwamba mshipa uliobanwa muda mrefu hauna haraka ya kusamehe. Akaniingiza kwenye kliniki ya maumivu: dawa asubuhi na jioni, mazoezi na mtaalamu wa viungo kila wiki, na kila mwezi kuonana naye.

Kwa mpango ule nilirudi kazini. Niliweza kulala ubavu. Niliweza kupanda ngazi za nyumbani bila kupumzika katikati, na anayeishi kwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe anajua ngazi zetu zilivyosimama.

Kisha yule daktari akaenda masomoni. Akaja mwingine, kijana, mwenye adabu sana. Adabu ndiyo iliyoniponza. Yake na yangu.

Nilipoingia aliinuka kidogo kitini.

"Karibu, dada. Hujambo?"

"Sijambo."

"Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi."

"Na mgongo?"

"Alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu."

"Usingizi unapata?"

"Alhamdulillahi."

"Kazini unakwenda?"

"Nnakwenda. Sijui wewe, nyumbani kwako hawajambo?"

"Wote wazima, ahsante."

Mtu wa hapa ataelewa. Kwangu mimi zile zilikuwa salamu bado. Hukutani na mtu ukamwaga maradhi yako mlangoni. Unaitikia, unashukuru, unauliza ya kwake, na mkishatulia ndipo unasema lililokuleta. Na mimi nilikuwa nimeliandaa lililonileta. Lilikuwa kwenye karatasi ndani ya mkoba: mguu unakufa ganzi saa za alasiri, dawa ya jioni haifiki alfajiri, siwezi kuinama kufunga kiatu. Nikafungua mkoba kuitafuta ile karatasi. Niliponyanyua macho, daktari alikuwa ameshaandika mistari miwili na kulifunga jalada.

"Hongera, dada. Wengi hawafiki hapa ulipofika wewe."

Mimi nilikuwa kwenye salamu. Yeye alikuwa ameshamaliza kunipima.

Na unajua nilisema nini? Nilisema ahsante.

Hakuna aliyeniziba mdomo. Mlango ulikuwa unafunguliwa, mzee mmoja anaingia na mkongojo, nikaona haya kumsimamisha. Nikajiambia nitaeleza siku nyingine. Kwenye dirisha la dawa ndiko nilikoelezwa kwamba siku nyingine haipo. Jina limeondolewa kwenye orodha. Dawa zangu ni zile zinazodhibitiwa, hazitoki bila fomu, na fomu haitoki kwa mtu aliyeandikwa amepona. Mazoezi nayo yakakatika siku hiyo hiyo, kwani yalikuwa yakienda kwa fomu ile ile.

Wiki ya kwanza mwili ulinigeuka. Jasho la baridi, kichefuchefu, miguu haitulii kitandani. Baadaye nilijua kwamba dawa ya namna ile haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Mimi nilikatiwa kama umeme. Wiki ya pili jasho likaisha, na yale maumivu yenyewe yakarudi, ya zamani, yanayoijua njia: kiunoni, pajani, nyuma ya goti, mpaka kidole kidogo.

Nikaenda duka la dawa na pakiti tupu mkononi. Muuzaji aliitazama pakiti, akanitazama mimi, kisha akainama juu ya meza.

"Mdogo wangu, nakuona mtoto wa watu, umejisitiri vizuri. Mambo haya yaache mapema, bado hujaharibika."

Sikumfahamu mpaka nilipofika nje. Alidhani mimi ni teja.

Nilisimama kivulini kwa muda, nimeikunja ile pakiti kiganjani isionekane. Mtaani kwetu zimo nyumba mbili ambazo unga wa kulevya umezimaliza, na watu wakizipita hupunguza sauti. Nilifikiri: nikiuliza duka la pili, la tatu, kuna mtu ataniona, atamwambia mtu, na mama yangu ataingia shughulini siku moja akute wanawake wamenyamaza. Basi sikuuliza tena. Nilijificha na maumivu yangu kana kwamba nimeyaiba.

Mama amefanya alichoweza. Binamu yake anafanya kazi kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, akatuletea mafuta ya karafuu, na kila siku Mama ananichua. Ngozi inapata moto, mshipa haufikiwi. Naenda kazini nanukia pilau. Asubuhi yeye ndiye anayeniosha miguu nikitawadha, maana siifikii. Anapiga goti sakafuni na kopo lake, anamimina maji, nami nimeshika ukuta. Nina miaka ishirini na sita. Sala nasali kwenye kiti.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye khitma ya jirani. Wanawake wote chini, kwenye mikeka, mimi nimeomba kiti. Bi mmoja mkubwa, anayenijua tangu mtoto, akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Nadra! Umekuwa mzungu siku hizi, hukai chini?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikateremka mkekani nikakaa kama wenzangu, kwa sababu niliona aibu. Ilinichukua siku mbili kulipia kule kukaa.

Naandika hili ili nilione: nilikaa chini kwa kuogopa kuchekwa.

Juzi Jumatatu ndipo mambo yalipogeuka. Mimi ni karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuyapeleka, kuyarudisha, na kuyatafuta yale ambayo kila mkubwa anaapa hakuyachukua. Saa nne hivi mguu ulikataa, nikaona bora nilale chali sakafuni kati ya makabati, dakika tano tu, hakuna atakayeniona. Aliyeniona ni Bi Zuhura, mkuu wa masjala, mwanamke ambaye hata wakurugenzi huchomekea shati wakimsikia anakuja.

"We Nadra! Umekufa au umelala?"

"Nimejinyoosha tu, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Shikamoo ya mtu aliyelala chali siipokei. Inuka kwanza."

Sikuweza kuinuka. Alingoja, akaona siinuki, uso wake ukabadilika. Akavuta kile kingazi tunachopandia rafu za juu, akakaa.

"Tokea lini?"

"Alhamdul..."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza tokea lini."

Nikamwambia yote, nikiwa pale pale sakafuni, natazama vumbi chini ya kabati. Salamu, mistari miwili, fomu, muuzaji wa dawa. Nilipofika kwa muuzaji nililia, machozi yakaniingia masikioni. Bi Zuhura hakunipa pole. Aliuliza swali la kimasjala.

"Aliandika kwenye jalada kwamba umepona?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Sikujibu."

"Jalada lina kitu si kweli, na wewe karani umelala chini yake? Unaandikia barua idara nzima humu, hata za watu wasiojua wanataka nini. Yako imekushinda?"

"Mgonjwa haandiki barua, Bi Zuhura."

"Nani kakwambia? Nionyeshe waraka."

Waraka haupo.

Kwa asiyeijua kazi yetu: jaladani hakuna karatasi inayochanwa. Kikiingia kitu cha makosa hakifutwi, hakipakwi wino mweupe. Kinabaki, kinafuatiwa na karatasi inayosema kinyume chake, na barua iliyopokelewa kwa muhuri haina budi kupata namba, iingie jaladani, na mtu aijibu. Hata akijibu hapana, ameijibu kwa jina lake na saini yake. Haya nayajua kuliko ninavyojua kupika. Miaka mitatu nimewafanyia wengine.

Nikaandika jana, nimesimama mbele ya kabati la majalada. Kichwa cha kwanza niliandika: YAH: OMBI LA KUANGALIWA UPYA. Bi Zuhura akakitazama kupitia juu ya miwani.

"Unaomba nini? Umekosa? Andika kilivyo."

YAH: SIJAPONA.

Chini yake nikaandika ukurasa mmoja. Kwamba siku ile niliitikia salamu na majibu yangu yakachukuliwa kuwa ripoti. Kwamba sifungi kiatu, siinami kutawadha, sikai zaidi ya dakika ishirini, na usingizi wangu ni wa vipande. Kwamba dawa zilikatwa bila kupunguzwa na yaliyonipata baada ya hapo. Kwamba sitaki dawa maisha yangu yote, nataka mpango, kama ule niliokuwa nao. Kwamba naomba nijibiwe kwa maandishi. Barua haikuwa na neno alhamdulillahi hata moja, nami niliikagua mara tatu nikiogopa nimekufuru. Sikukufuru. Kumshukuru Mungu nashukuru kila siku. Kumwambia daktari ukweli ni kazi nyingine.

Leo nikaomba ruhusa, nikaipeleka.

Kwenye dirisha la kumbukumbu za wagonjwa alikuwapo mwanamume mmoja wa makamo, kalamu sikioni, mcheshi. Akaisoma bahasha mbele na nyuma.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa haandiki barua, bibi. Mgonjwa anaumwa."

"Naumwa, na nimeandika."

Akacheka, na benchi zima nyuma yangu likacheka naye. "Tukianza kupokea barua za wagonjwa, hospitali itageuka wizara. Mpe ndugu yako aliyemo humu akusemee."

"Sina ndugu humu."

"Basi iwache hapo, nitaiona."

Najua maana ya iwache hapo. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu iwache hapo, Mungu anisamehe. Nina woga wa kuzaliwa nao, wa kuogopa hata kumwambia mwenye duka kwamba kanipunja. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Kaka, naomba uigonge muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu pia. Kisha nitaondoka."

"Na nisipogonga?"

"Nitasimama hapa. Kukaa siwezi hata hivyo."

Nyuma yangu bibi mmoja akasema, "Mgongee mwenzio, unatuchelewesha." Mwengine: "Muhuri wenyewe si wa babaako." Sasa benchi lilikuwa linamcheka yeye. Akagonga. Mara mbili, kwa nguvu, kama anaua mende. Sijawahi kuona muhuri mzuri kama ule.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita. Alikuwa ameanza kuisoma, na kicheko kimemwisha. Akainuka na barua, akaingia ndani, akarudi. "Daktari anasema usubiri."

Nikasubiri nimeegemea ukuta. Yule daktari kijana akatoka mwenyewe mpaka ukumbini, barua mkononi. Akanitazama, na kama alivyolelewa, kama nilivyolelewa mimi, akaanza pale tunapoanza wote.

"Dada Nadra. Waonaje hali?"

Benchi zima linasikiliza.

"Mbaya," nikasema.

Nilihisi watu wakigeuka. Neno lile halikuwahi kutoka kinywani mwangu kwa kujibu salamu tangu nijue kusema. Kwa neno lile hakuna jibu lililoandaliwa, hata kwa daktari. Ilibidi aulize kweli.

"Mbaya vipi?"

Nikamwambia, pale pale, karatasi sikuihitaji.

Tukaingia chumbani. Hakupendezwa. Alisema, "Lakini mwenyewe uliniambia hujambo." Nikamwambia, "Nilikuitikia, Daktari. Sikukwambia." Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa wiki sita: kwamba wanakuja vijana wengi na hadithi za maumivu, dawa zikaishia mitaani, na yeye ndiye anayeulizwa.

Zamani ningeinamisha kichwa. Leo nilikuwa nimeshasema neno baya mbele za watu, nikaona la pili halina uzito.

"Nipimeni. Mkojo, damu, mtakacho. Hesabuni vidonge kila wiki, nitakuja navyo. Na yaandikeni yote. Lakini neno amepona lisibaki peke yake jaladani, kwa sababu mimi si huyo."

Alifungua jalada. Nikaiona mistari yake miwili kwa macho yangu, mwandiko mzuri, wa mtu aliyekuwa na nia njema. Akataka kuikata kwa kalamu, nikamwambia asiikate, aandike chini yake. Akanitazama. "Unafanya kazi wapi wewe?" Nikamwambia masjala. Kwa mara ya kwanza akacheka. Akaandika. Sikusoma kila neno, nilisoma "maumivu yanaendelea" na "kosa ni langu katika kupokea maelezo", na tarehe ya leo. Hilo la pili sikumwomba.

Fomu ya mazoezi ameisaini hapo hapo. Ya dawa hana mamlaka nayo peke yake siku hizi. Jumatatu wanakaa madaktari watatu kuliamua, nami niwepo. Hakuniahidi. Alisema wanaweza kukataa, wanaweza kunipa dawa nyingine isiyokuwa ile. Nilimwambia sijafunga ndoa na ile.

Nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi nikipumzika mara mbili.

Mama alikuwa anachagua mchele. Nikamsimulia, naye akasikiliza mpaka nilipofika kwenye lile neno. Ungo ukasimama.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Kakuuliza hali, ukamwambia mbaya? Kwa mdomo wako, Nadra?"

"Ndiyo, Mama."

"Mola asije akaona hatushukuru."

"Mola anajua ninavyoumwa. Asiyejua alikuwa daktari."

Akaendelea kuchagua, chuya moja, chuya nyingine, muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hana hakika kama atakinunua:

"Na mimi goti langu hili la kushoto linaniuma."

"Tokea lini?"

"Tokea kabla hujapasuliwa."

Goti la kushoto ndilo analolipiga sakafuni kila asubuhi akiniosha miguu.

Nilitaka kumkumbatia, ila yeye amekaa chini na mimi siinami. Nikasimama tu, mkono juu ya kichwa chake. Kesho sitamruhusu apige goti. Nitaweka beseni juu ya kiti, niupandishe mguu mmoja mmoja. Na akikataa, tutagombana, na tugombane.

Jumatatu sijui itakuwaje. Nimeshaanza kuogopa, na naijua hofu yangu: mpaka Jumapili itakuwa imenitungia sababu kumi za kutokwenda. Naiambia mapema kwamba inaweza kuja nami ikitaka. Wakinipa dawa, nitazimeza kama watakavyoagiza. Wakikataa, nitawauliza ni nani kati yao watatu anayekataa, na nitangoja pale, wima, mpaka aandike jina lake.